Kiingereza Katika Shule za Kata: Historia ya Mzigo wa Watoto Wetu wa Vijijini



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuingie katika jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu na wanasiasa peke yao, nalo ni lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za umma, hasa zile za vijijini. Tunaingia humo kwa sababu watoto wanaohusika ni wa jumuiya zetu, na kwa sababu Kanisa lenyewe limo ndani ya historia hii tangu ukurasa wake wa kwanza.

Hali yenyewe yajulikana. Mtoto wa kijijini husoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, vyote huvipokea kwa lugha hiyo, na mtihani wa kumaliza huufanya kwa lugha hiyo hiyo, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Kisha, ifikapo Januari, huvaa sare mpya na kuingia kidato cha kwanza katika shule ya kata, na kuanzia siku hiyo karibu masomo yote yanatakiwa kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hakuhama nchi wala kijiji. Pengine paa la shule yake ya zamani anaweza kuliona akiwa amesimama mlangoni mwa shule mpya. Lakini lugha ya kufikiria ameiacha ng'ambo ile.

Yafaa tujiulize ni nani aliyeamua iwe hivyo. Jibu la historia linashangaza kidogo: hakuna aliyewahi kukaa chini na kuamua kwamba watoto wote wa Tanzania wafundishwe namna hii. Jambo hili limetufikia kwa maamuzi ya watu mbalimbali wenye nia mbalimbali, na zaidi kwa maamuzi yaliyoahirishwa.

Tuanze na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni yao Bagamoyo mwaka 1868, na Wamisionari wa Afrika walipofika bara miaka kumi baadaye, elimu waliyoitoa ilikuwa kwanza ya dini, na swali la lugha liliwakabili kabla ya swali lingine lolote. Wengine walichagua lugha za wenyeji wa mahali, kwa hoja kwamba sala haiwezi kuzama moyoni kwa lugha ya kuazima. Wengine walikishika Kiswahili. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879, alikitumikia Kiswahili maisha yake yote, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa mwaka 1939 akiwa mzee. Kwa upande wa Waanglikana, Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Hata walipotofautiana, watu hawa waliafikiana katika jambo moja: mwalimu ndiye aliyepaswa kujifunza lugha ya mwanafunzi.

Serikali ya Wajerumani nayo, kwa sababu zake za kiutawala, ilikikuza Kiswahili. Ilihitaji makarani, maakida na walimu ambao wangeweza kuandikiana barua kutoka Tanga hadi Kigoma bila mkalimani, na shule zake zilifundisha kwa Kiswahili. Hadi vita vya 1914 wanafunzi walio wengi sana walikuwa katika shule za misioni, wala si za serikali, na nyingi ya hizo zilikuwa vibanda vya katekista vyenye ubao mmoja. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema leo kwamba Kiswahili hakina uzoefu wa kufundishia. Kimefundishia katika nchi hii kwa zaidi ya karne.

Kiingereza kilikuja na utawala wa Waingereza baada ya vita hivyo. Hapa nasi Wakatoliki tulikuwa na sehemu yetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba watoto wadogo wafundishwe kwa lugha zao, na lugha ya Ulaya ije baadaye kwa wale watakaoendelea. Serikali ikaanza kuzipa shule za misioni ruzuku kwa masharti ya ubora. Mwaka 1928 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja alimtuma Askofu Arthur Hinsley kuwa mjumbe wake katika Afrika ya Waingereza, naye alipokutana na maaskofu mjini Dar es Salaam aliwaambia bila kupindisha maneno kwamba washirikiane na serikali katika elimu kwa nguvu zao zote, na kwamba pale wasipoweza kufanya yote mawili, heri makanisa yasubiri ili shule zikamilike. Ni agizo zito. Sisi tunaolalamikia leo michango ya ujenzi wa parokia tungefaa kulikumbuka mara moja moja.

Basi ukatokea mpangilio wa ngazi mbili. Miaka ya mwanzo ya shule ilikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kikasanifiwa kwa msingi wa Kiunguja chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Miaka ya juu ilikuwa kwa Kiingereza. Mtoto alianza Kiingereza kama somo, kikaongezeka mwaka hata mwaka, na kilipofika kuwa lugha ya kufundishia, waliobaki darasani walikuwa wachache mno.

Hapa ndipo tunapoomba tutulie kidogo, kwa maana hoja yetu yote imelala hapa. Tufikirie shule za sekondari za wakati ule. Serikali ilikuwa na Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa watemi kwanza. Kanisa lilikuwa na shule kama Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Mtakatifu Fransisko, Pugu. Zilikuwa shule za bweni. Kijana alifika akiwa amechujwa mara mbili au tatu katika mitihani, kutoka maelfu ya wenzake. Kuanzia kengele ya kuamka hadi taa ya bwenini ilipozimwa aliishi ndani ya Kiingereza: darasani, mezani, uwanjani, katika mdahalo wa Jumamosi jioni. Walimu wake wengi walikuwa wageni ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo hata kuuliza ruhusa ya kwenda zahanati kulimlazimu kupanga sentensi. Palikuwa na maktaba, na vitabu vilikuwa vya kusomwa. Watoto wa darasa zima wangeweza kufahamiana kwa majina.

Katika mazingira hayo Kiingereza kilifanya kazi yake vizuri. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alipita katika shule ya Tabora kuanzia mwaka 1937 akaenda Makerere, kisha akarudi kufundisha Mtakatifu Maria, na baada ya masomo yake Edinburgh akafundisha Pugu hadi mwaka 1955. Yeye ni tunda la mpango huo, na ni tunda zuri. Mtu huyohuyo aliutafsiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963 naye akiwa Rais wa Jamhuri. Wasomi wa kizazi chake walipoulizwa kama Kiingereza chafaa kufundishia, walijiangalia wenyewe na kujibu kwamba chafaa. Jibu lao lilikuwa la kweli kwao. Ila wakati wa Uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wapatao 12,000 tu. Mpango ule ulikuwa umeshonwa kwa kipimo cha watu hao.

Mwaka 1967 tukageuka. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari, na mwezi uliofuata Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea, akisema waziwazi kwamba shule ya msingi haiwezi kuwa chumba cha kusubiria sekondari ambako wengi hawatafika. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Vitabu vikaandikwa, istilahi zikabuniwa, na miaka michache baadaye watoto walikuwa wakijifunza kigawe kidogo cha shirika, mmeng'enyo wa chakula na usanisinuru bila kuona ajabu yoyote. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitazamia kwamba sekondari nazo zingefuata njia hiyo. Kwa maneno mengine, ukuta ule ulio kati ya msingi na sekondari ulijengwa kama kiunzi cha muda, na nyumba ilikuwa bado inaendelea kujengwa.

Katika kipindi hicho pia shule zetu zilitaifishwa, kwa sheria ya mwaka 1969. Mjadala wa utaifishaji tuuache kwa siku nyingine. Itoshe kusema kwamba kuanzia hapo Kanisa lilibakiwa na seminari, na sauti yake katika masuala ya lugha ya shule za umma ikawa ya chini.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuumiza zaidi tunapoisoma. Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Tume hiyo ilipowasilisha taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985, na kwamba Chuo Kikuu kifikiwe mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tarehe zilikuwa zimetajwa. Serikali haikukubali. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, madeni yalikuwa yamebana, maduka yalikuwa matupu, na viongozi waliogopa kwamba tukikiacha Kiingereza tutajifungia nje ya dunia. Mwalimu mwenyewe, mwaka 1984, alisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na kwamba kikibaki kuwa somo tu huenda kikafa nchini.

Mwaka huohuo wa 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima hali ya lugha hiyo katika shule zetu. Walikuta kwamba hata kati ya wanafunzi wa kidato cha nne, ni takribani mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia awe nacho siku anapoanza, si anapomaliza, kusoma masomo mengine kwa Kiingereza. Mtu angedhani matokeo hayo yangefunga mjadala. Lakini ushauri uliotolewa ulikuwa kuendelea na Kiingereza na kukiimarisha, na serikali ya Uingereza ikagharimia mradi wa kufanya hivyo, vitabu vya hadithi vikapelekwa mashuleni. Mradi uliisha katika miaka ya tisini. Hatuwadharau waliofanya kazi hiyo. Vitabu vile vilisomwa hadi vikachanika. Tunasema tu kwamba mgonjwa alipimwa, ugonjwa ukaonekana, na dozi ikaandikwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

Kwa heshima yote tuliyo nayo kwa Mwalimu, hapa tunadiriki kutofautiana naye. Hofu yake kwamba Kiingereza kingekufa ilikuwa ya haki. Lakini kilichotokea ni kwamba kilibaki kuwa lugha ya kufundishia na kiwango chake kikaendelea kushuka vilevile, kikivuta na masomo mengine kwenda nacho.

Baada ya hapo sera ziliandikwa zikipishana njiani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilisema sekondari ni Kiingereza. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikasema utaandaliwa mpango wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Nyaraka zote mbili zilikuwa za serikali moja. Huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watafiti kama Martha Qorro waliendelea kuonyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba wanafunzi wengi hawaelewi wanachofundishwa. Taarifa zao zilisomwa na watafiti wenzao.

Kisha zikaja shule za kata. Waamini wa rika letu wanazikumbuka vizuri, kwa kuwa walizijenga kwa mikono yao. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 agizo likawa kila kata iwe na sekondari yake. Akina mama wa vigango vyetu walibeba mawe na mchanga, akina baba walifyatua matofali, na aliyekosa mchango alitoa kuku. Nchi ambayo mwaka 2005 ilikuwa na sekondari zisizofika 1,800 ilikuwa na zaidi ya 4,000 ilipofika mwaka 2009. Tuseme ukweli, ni tendo kubwa. Watoto wa kike waliokuwa wakiishia darasa la saba na kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani walipata dawati. Yeyote anayezibeza shule za kata na aulize kwanza hali ilikuwaje kabla yake.

Lakini hebu tuziweke kando ya shule zile za bweni tulizozieleza. Hakuna bweni, mtoto hurudi nyumbani jioni, akachota maji, akafukuza mbuzi, akaongea na bibi yake kwa lugha ya nyumbani. Hakuna maktaba. Darasa lina wanafunzi sitini au zaidi. Walimu walipokosekana, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa kufundisha, na mitaani wakabandikwa jina la "voda fasta". Vijana hao nao walikuwa wamepitia sekondari zilezile walizozipima Criper na Dodd, na Kiingereza chao kilikuwa cha kukariri. Kila kitu kilichokifanya Kiingereza kiwezekane Tabora na Pugu kiliachwa nyuma, na Kiingereza peke yake ndicho kilichopandishwa lori kwenda kata. Tulirithi lugha ya bweni bila bweni lenyewe.

Katika ziara zetu vigangoni huwa tunawaomba vijana wa sekondari watuonyeshe madaftari yao. Siku moja binti wa kidato cha pili alitusomea ukurasa wa baiolojia, mwandiko safi, kuhusu "photosynthesis". Aliusoma wote bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayesoma litania. Tulipomwomba atueleze maana yake kwa Kiswahili, alinyamaza. Tukamuuliza kuhusu usanisinuru. Uso ukamng'aa: majani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, akatueleza habari za hewa ya kabonidayoksaidi na maji kutoka mizizini, akatoka nje kutuonyesha jani la mgomba lililokaa kivulini na lililokaa juani. Alijifunza hayo yote shule ya msingi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Miaka miwili alikuwa amebeba elimu yake mwenyewe mfukoni huku akidhani ni maskini.

Walimu wanaijua hali hii kuliko sisi. Wengi wao, ili waeleweke, hufundisha kwa Kiswahili na kuandika ubaoni kwa Kiingereza. Mkaguzi akija hunyamaza Kiswahili, na darasa nalo hunyamaza. Mtihani wa taifa haujui lolote kuhusu maelezo yale ya Kiswahili. Wenyewe huuliza kwa Kiingereza na kutaka kujibiwa kwa Kiingereza. Kijana anayejua asili ya pembetatu na sababu za Vita vya Majimaji hushindwa kwa kutokuelewa swali linataka nini. Na tusisahau kwamba katika vijiji vya wafugaji na vya pembezoni, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili ya mtoto. Kiingereza kinamjia kama ya tatu kabla ya pili haijakomaa.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalitangazwa. Vijana zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, yaani zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Waziri Mkuu aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa vigezo vingine, na baadhi ya vijana wakapanda. Wapo waliopoteza maisha kwa mikono yao wenyewe katika majuma yale; nasi tuwaombee. Sababu za janga lile zilikuwa nyingi: upungufu wa walimu, maabara, vitabu, chakula cha mchana. Hatudai kwamba lugha ndiyo peke yake. Lakini lugha ndiyo iliyopita katika kila somo na kila karatasi.

Hapa msomaji wetu mmoja atatuuliza: mbona wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza? Ni kweli, wanakitaka sana. Na wasomi wa mjini wanaowacheka wazazi hao kwa "kasumba ya kikoloni" mara nyingi wamekwisha kuwapeleka wa kwao katika shule za Kiingereza. Mzazi wa kijijini si mjinga. Ameona nani anaajiriwa benki, nani anapata nafasi ya kwenda nje, barua ya usaili imeandikwa kwa lugha gani. Anachokosea, kama anakosea, ni kudhani kwamba kufundishwa kwa Kiingereza na kufundishwa Kiingereza ni jambo moja. Mtoto aweza kukaa miaka minne akifundishwa kwa Kiingereza na asijue kuandika barua ya maombi ya kazi. Tumewaona, huja ofisini kwetu tuwaandikie.

Wala jaribio hili si letu peke yetu. Malaysia, mwaka 2003, iliamua kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza katika shule zake za umma, nayo ni nchi yenye uwezo kuliko sisi. Kufikia mwaka 2009 serikali ilitangaza kurudi nyuma, na moja ya sababu ilizozitaja ni pengo lililozidi kupanuka kati ya watoto wa mjini na wa vijijini. Huko nako wazazi wa mijini walilalamika sana uamuzi huo ulipotolewa.

Sasa tugeukie nyumbani mwetu. Baada ya makubaliano kati ya serikali na makanisa mwaka 1992, Kanisa lilirudi kwa nguvu katika elimu, na majimbo mengi na mashirika ya watawa yamefungua shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu awali. Nyingi ni nzuri. Masista wanafanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini ada yake mkulima wa kawaida wa parokia yetu haiwezi, hata akiuza ng'ombe wa pekee aliye naye. Matokeo ni kwamba Kanisa, lililofundisha watoto wa vijijini kwa Kiswahili katika vibanda vya makatekista, leo linajulikana kwa shule ambazo watoto hao hupita nje ya uzio wake wakielekea shule ya umma, ile ambayo watu kwa mzaha huiita "Mtakatifu Kayumba", mtakatifu ambaye hatumkuti katika kalenda ya Kanisa. Shule zetu za ada hutegemeza huduma nyingine, tunalijua hilo na tunalihesabu. Hata hivyo agizo la Askofu Hinsley halikuhusu watoto wa wenye uwezo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikipewa nafasi. Tulishangilia, wengine wetu hata kutoka mimbarini. Ada ya sekondari za umma iliondolewa mwaka 2016, watoto wakafurika, madarasa yakajaa. Lakini lugha haikubadilika. Sera hiyo ilipotolewa upya mwaka 2023, sekondari zikabaki na Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Tume ya Makweta ilitaja tarehe, yaani 1982, leo ana watoto wake sekondari, nao wanakutana na ukuta uleule.

Parokia haina mamlaka ya kubadili lugha ya mitihani. Maoni yetu tumekwisha kuyaweka wazi: Kiswahili kifundishie, na Kiingereza kifundishwe kama somo na walimu waliofundwa kwa ajili hiyo, kwa vipindi vingi na vitabu vya kutosha, kwa mtoto wa kijijini sawasawa na wa mjini. Hilo litakapokuja au lisipokuja, yule binti wa kidato cha pili anafanya mtihani mwaka huu. Kwa hiyo Halmashauri ya Walei imekubali pendekezo la walimu wetu wastaafu wa kuandaa orodha ya maneno ya hisabati, baiolojia, fizikia, kemia na jiografia, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, kwa kufuata vitabu vya darasa la tano hadi la saba. Kazi itaanza Jumamosi ijayo katika ukumbi wa parokia, baada ya Misa ya asubuhi. Tunawaomba wazazi wenye vitabu vya zamani vya sayansi na hisabati vya Kiswahili wasivifungie maandazi; wavikabidhi kwa katekista wa kigango chao kabla ya Ijumaa.